Mstari Nilioruka

Habari ya kifo cha Mwalimu Makame ilinifikia darasani, nimesimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nawafundisha kusakinisha programu huria kwa kuandika amri badala ya kubofya picha. Simu ilitetemeka mezani, nikausoma ujumbe, nikailaza simu kifudifudi na kuendelea na nilichokuwa nasema: kabla hujaiamuru kompyuta inakili au ifute chochote, iulize kwanza ina diski ngapi, kila moja inaitwaje na ina ukubwa gani. Usiitegemee kumbukumbu yako. Wanafunzi hunicheka kwa jinsi ninavyolishikilia jambo hili. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Ticha, kwani wewe ulifuta nini?" Nikamjibu, "Vitu vya watu," nikaendelea na somo. Siku ile, darasa lilipotoka, nilibaki peke yangu katika chumba kinachovuma kwa mashine, na sikulia. Nilichokihisi kwanza, nakiri, kilikuwa ahueni. Mtu pekee hapa kisiwani aliyekuwa akijua alikuwa amekufa. Ahueni hiyo ilinitisha kuliko kifo chenyewe.

Mwaka ninaotaka kuuzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kozi ya kompyuta ya miezi michache, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa Mwalimu Makame. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa upande wa Matemwe, mrefu, mwenye kanzu iliyokuwa daima na alama ya wino mfukoni. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha juu huko Mkunazini, katika nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zilisimama wima kama za kupandia dari. Chini yetu alikuwapo fundi cherehani, na kwa kuwa sakafu ilikuwa ya mbao zilizoachana, kila lililosemwa kwake lilipanda kwetu pamoja na harufu ya pasi ya mkaa. Chokaa ilidondoka kutoka kwenye boriti mchana kutwa, ndiyo maana kompyuta yetu, ile moja tuliyokuwa nayo, tuliifunika khanga kila tulipoinuka kwenda kusali. Wageni wetu wengi walikuwa watu wa kijijini kwake. Walipanda ngazi wakihema, wakavua viatu mlangoni japo hakuna aliyewaambia wavue, wakakaa kwenye mkeka na kumsimulia Mwalimu namna wapimaji walivyokuja tena kupiga vigingi pwani, mahali ambapo palitakiwa kujengwa hoteli.

Kazi yetu ilikuwa kukusanya ushahidi wa kuwapa mawakili wa kijiji. Mwalimu alikwenda kijijini na kinasa sauti, akakaa na wazee, wengi wao wanawake, wakamweleza visima viko wapi, makaburi yako wapi, na nani alilima wapi kabla ya nani. Mimi nikavaa visikizio na kuchapa. Kanda zilikuwa chache, kwa hiyo nikishachapa, Mwalimu huifuta kanda na kumrekodi mtu mwengine. Mtambo wa kuchapia karatasi ulikuwa umeharibika, na disketi zetu zilishaota ukungu. Kila kitu kilikuwa ndani ya mashine ile, na hakuna kati yetu aliyeona kuwa hilo ni jambo la kutisha. Sauti niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bi Mize, mwanamke mkongwe aliyekuwa akikohoa kabla ya kila jina. "Hapa kwenye mikadi," anasema masikioni mwangu, "mama yangu alinishika mkono, akanambia, hapa kalala bibi yako, hapa kalala mwanawe, na kutoka hapa mpaka maji makuu ya bamvua yanapofika, usipite na viatu." Alitaja kisima, mawe, ile miti ya mikadi yenye maua ya kunukia, mtu baada ya mtu. Hapakuwa na mwengine aliyepajua mahali pale kwa kutembezwa. Masika yalipokuja Bi Mize akafariki, na Mwalimu aliporudi mazikoni alisimama nyuma ya kiti changu, akaitazama skrini kwa muda. "Alhamdulillahi," akasema, "Bi Mize tunaye humu."

Kisha alikuwapo Bhavna. Baba yake, Bwana Kanti, aliuza vitambaa mtaa wa Mchangani, na Bhavna alikuja kwetu mchana, baada ya kumsaidia dukani, kuitengeneza kompyuta ambayo kila wiki ilishikwa na virusi. Alikuwa rika langu, mwembamba, mwenye mazoea ya kuzungumza na mashine kana kwamba ni mtoto mkaidi: "Haya, yakhe, nambie unaumwa wapi." Alikuwa amejifunza peke yake, kwa kusoma na kuharibu na kutengeneza. Siku za mwanzo kila mmoja alikula pembeni kwake. Mimi na muhogo wangu wa nazi wenye ngisi, yeye na chapati nyembamba za uwatu zilizofungwa kwenye kitambaa. Siku moja akaniuliza huo muhogo unapikwaje, nikamwambia, akasema, "Ungekuwa hauna ngisi ningekula." Kesho yake nikampikia wa peke yake, kwenye bakuli la peke yake, kwa mwiko ambao haukugusa kitoweo. Aliuangalia kwanza, kisha akanitazama mimi, akala wote. Tangu hapo tulikula pamoja, na tukila alinifundisha. Ni yeye aliyenionyesha kwamba nyuma ya picha na rangi za kompyuta kuna skrini nyeusi isiyo na kitu ila kialama kinachopepesa, kinangoja uandike. "Hapa," alisema, "mashine haikubembelezi. Inafanya ulilosema, si ulilokusudia."

Ni Bhavna pia aliyetoa shauri la kuacha programu zile za kunakili kwa wizi, zilizokuwa zikileta virusi, na kuweka Linux, iliyokuwa ya bure na halali. Mwalimu alilipenda neno huria. Alilitamka kama mtu anayeonja halua. Wakakubaliana kwamba itanunuliwa diski mpya kubwa, diski ya zamani yote inakiliwe humo, kisha ndipo mfumo mpya uwekwe. Niliyasikia haya nikiwa ngazini, nimebeba birika la chai, na nilisikia pia lililofuata. Mwalimu alisema, "Kazi hii ifanye wewe, Bhavna. Wewe ndiye mwenye kichwa cha mashine. Rukia ni mchapaji mzuri, basi." Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile "basi" lilinikaa kifuani. Nilimimina chai, nikatia sukari, nikacheka walipocheka, na rohoni nshaamua.

Bhavna akasafiri kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya binamu yake, wiki nzima. Kabla hajaondoka aliniachia karatasi yenye hatua zote, kwa mwandiko wake wa duara, ili niisome na kuzoea. "Tutafanya pamoja nikirudi," alisema. Mstari wa kwanza wa karatasi ulikuwa amri ya kuiuliza mashine iorodheshe diski zake, na pembeni yake aliandika: angalia kwanza, usiruke. Chini yake alieleza kuwa diski ya zamani itaitwa a na mpya itaitwa b, na kwamba katika amri ya kunakili, chanzo hutangulia na kinachopokea hufuata.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikwenda kijijini. Nilifungua sanduku la kompyuta kwa bisibisi, nikaichomeka diski mpya. Waya wa ndani ulikuwa mfupi, haukufika, kwa hiyo nikaibandua ya zamani, nikaiweka mpya mahali pake, na ile ya zamani nikaichomeka kwenye kichwa cha pili cha waya. Sikulifikiria hata kidogo. Sikujua kwamba kwa mashine yetu mahali ndipo panapotoa jina, na kwamba kwa kubadilisha nafasi zile nilikuwa nimebadilisha majina. Nikaiwasha kwa CD ya Linux, skrini nyeusi ikaja, na nikajihisi mkubwa. Mstari wa kwanza niliuruka. Niliona ni wa watu wasiojua, na mie nnajua: a ya zamani, b mpya, si imeandikwa? Nikaandika amri ya kunakili a juu ya b, nikabonyeza. Mashine haikuuliza kitu. Taa yake ndogo nyekundu iliwaka bila kuzimika, na chini fundi cherehani alikuwa akibishana na mteja juu ya mikono ya koti. Baada ya muda mrefu skrini ikaandika kwamba nafasi imekwisha. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Diski ndogo inanakiliwa kwenye kubwa, nafasi ikwishe vipi? Nilijiuliza, wallahi nilijiuliza, kisha nikajijibu kwamba Bhavna atanieleza. Nikaendelea kusakinisha. Mistari ikawa inapanda, mamia kwa mamia, myeupe juu ya weusi, na sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Adhana ya adhuhuri ilipolia mfumo mpya ulikuwa umewaka, safi, haraka, hauna virusi. Nikaifungua diski ya pili niangalie maandishi ya wazee. Haikuwa na kitu. Nilikuwa nimechukua utupu wa diski mpya na kuumwaga juu ya kila kitu tulichokuwa nacho.

Sikumbuki nilivyokaa. Nakumbuka mikono yangu ilinuka vumbi la chuma na kwamba nilisali nikiwa sijui nasoma nini. Niliirudisha khanga juu ya kompyuta, nikafunga mlango, na siku mbili sikula.

Jumatatu Mwalimu aliingia na furaha. "Shikamoo Mwalimu," nikasema. "Marahaba. Haya, nifungulie nimwone Bi Mize, mawakili wanamtaka wiki hii." Nilipomwambia kwamba maandishi hayaonekani alidhani natania. Aliketi, akaivua kofia yake, akaishika magotini. Kisha akaiona karatasi mezani. "Hii ya nani?"

"Ya Bhavna," nikasema.

"Ndiyo uliyoifuata?"

"Naam."

Nimeyapima majibu yale mawili kwa miaka yote hii. Kila moja lina ukweli wake, na yote kwa pamoja ni uwongo. Mwalimu hakujua kuisoma ile karatasi, hakuuliza mstari wa kwanza una maana gani, na mimi sikumwambia.

Bhavna alirudi Jumatano, mikono yake bado ina hina ya harusi. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, hakumwitikia salamu. Bhavna alilifungua sanduku la kompyuta, akaangalia waya, akaangalia diski ipi iko wapi. Haikumchukua hata dakika. Kisha aliinua macho, akanitazama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yangu, na nadhani nilitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeomba asipigwe. Akageuka. "Ni kosa la karatasi yangu, Mwalimu," akasema. "Niliandika vibaya." Mwalimu akamjibu kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya kelele: "Basi usije tena, mwanangu." Bhavna alikusanya bisibisi zake. Aliponipita aliniwekea mkono begani, kidogo tu, na nikasikia nyayo zake zikishuka ngazi moja baada ya moja.

Kilichofuata nilikisikia kupitia sakafuni. "Nasikia yule msichana wa Kihindi kapewa kitu na watu wa hoteli," alisema mtu mmoja kwa fundi. "Kwani angefuta bure?" Fundi akasema hajui, lakini hata yeye kasikia. Ningeweza kuinama na kupiga kelele kwenye mwanya wa mbao, wakanisikia wote. Badala yake nilichapa kwa nguvu zaidi ili nisisikie. Wanawake wa kijijini, waliokuwa wakinunua vitambaa vyao vya sikukuu kwa Bwana Kanti, wakaacha kwenda. Asubuhi moja ilikutwa taka imemwagwa mbele ya mlango wa duka. Nilipita pale kwa upande wa pili wa njia, nikamwona Bwana Kanti mwenyewe, mtu mzima mwenye miwani, ameinama na ufagio. Kabla ya mwaka kwisha duka lilifungwa na familia ikahama. Sikwenda kuagana.

Mimi na Mwalimu tulikwenda upya kijijini, nyumba kwa nyumba. Baadhi ya wazee walirudia maneno yao, baadhi walikuwa wamechoka, na mmoja alimuuliza Mwalimu, "Tuliyokwambia mwanzo umeyafanya nini?" Lakini Bi Mize hakuwapo. Mimi nilikuwa nimeyachapa maneno yake kwa vidole vyangu, na nilipojaribu kuyakumbuka yalinijia vipande: mikadi, mama, viatu. Kisima kiko upande gani wa jiwe? Jiwe la pili au la tatu? Na hata ningekumbuka, nani angekubali kumbukumbu ya mchapaji kuwa ushahidi wa marehemu? Kesi ilipoamuliwa, makaburi yaliyojengewa yalibaki kwa kijiji. Yale ya kwenye mikadi, ambayo alama zake zilikuwa kichwani mwa Bi Mize tu, yalihesabiwa kuwa hayapo. Leo pale pana vitanda vya kuotea jua, na watu hupita wakiwa na viatu na wasio na viatu, wala hawana kosa, hawajui.

Nilimwambia Mwalimu ukweli mwisho wa mwaka ule, tukiwa wawili ofisini, chai imepoa. Nilisema yote, waya, mstari niliouruka, ujumbe wa nafasi. Alikisogeza kikombe pembeni. Kisha akasema, "Na yeye alijua?" Nikasema alijua. Akaufunika uso kwa viganja. Alipoondoa mikono alikuwa mzee zaidi. "Mimi nimemfukuza mtoto wa watu," alisema. "Hilo langu, ntaulizwa mie. Lakini kijijini siendi kukusemea. Hayo ni yako. Utawaambia?"

"Ntawaambia, Mwalimu."

Sikuwaambia. Niliendelea na masomo, nikapata cheti, nikawa mwalimu wa hayo hayo. Kila Idi nilikwenda kumsalimia, na kila Idi, nikishakula, aliniuliza swali moja, kwa upole: "Ushapita kwa wale?" Nikamwambia bado. Akasema, "Haya." Baadaye, alipopoteza kumbukumbu na kuanza kunichanganya na wanawe, aliacha kuuliza, nami nikashukuru. Najua mtu anayesoma atamlaumu na yeye, kwamba angeweza kusema. Mimi pia nimemlaumu. Ni rahisi kumlaumu.

Hitma yake ilisomwa nyumbani kwao. Wanaume walikuwa msikitini, sisi wanawake tulijaa chumbani na ukumbini, majuzuu yamegawanywa, harufu ya udi na ya pilau inayopikwa uani. Tulipomaliza kusoma na dua ikaitikiwa, yakazuka yale mazungumzo ya chini yanayofuata dua. Mwanamke mmoja wa makamo aliyekaa karibu nami, ambaye baadaye nilijua kuwa ni mjukuu wa Bi Mize, akaitwaa mikono yangu. "Huyu ndiye Bi Rukia," akawaambia wenzake, "aliyeyakusanya upya maneno ya wazee wetu pamoja na marehemu. Ingekuwa si yeye tungepotea. Yule wa Kihindi alishatumaliza." Wanawake wakaniombea kheri. Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya yake.

"Si yeye," nikasema.

"Eh?"

"Si yeye aliyefuta. Ni mimi."

Nikaeleza. Sikueleza vizuri. Nilisema mambo ya waya na majina ambayo wengi wao hawakuyafuata, lakini hili walilifuata, kwamba nilionywa niangalie kwanza na sikuangalia, na kwamba nilimwachia mwengine abebe. Hapana aliyenipigia kelele. Ningependa wangepiga. Mjukuu wa Bi Mize aliachia mikono yangu taratibu, akaifuta yake kwenye khanga.

"Jina lake nani, yule msichana?"

"Bhavna."

Akalijaribu mdomoni mara mbili. "Yu hai?"

"Sijui."

"Miaka yote hii sie tunamsema," alisema. "Watoto wetu tumewaambia. Nenda kamtafute. Ukimpata, mwambie na sie tuna radhi za kumtaka. Kisha ndio tuzungumze yako." Pilau ililetwa. Walinitengea sahani kama kila mtu, na nilikula kwa sababu kuiacha ingekuwa dharau.

Kumtafuta hakukuwa kazi. Hilo ndilo la aibu zaidi. Yupo ndugu yao anayekaa mtaa wa Hurumzi, ambaye nyumba yake nimeipita mara elfu. Nilibisha, nikaomba, akanipa namba. Bhavna anaishi nchi ya baridi, ana watoto wakubwa. Alinitambua kwa neno la kwanza. Nilimpa salamu za watu wa kijijini, nikamwambia wanamtaka radhi, kisha nikamuuliza nililotaka kumuuliza siku zote, kwa nini alilikubali kosa lisilo lake.

"Nilikuona umeogopa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha mjini, hakikuondoka. "Nikadhani nikupe nafasi uvute pumzi, kisha utasema mwenyewe. Siku mbili, tatu. Nilikaa dukani nakungoja, Rukia."

Nilimwambia sina la kujitetea. Nikasikia mlango ukifungwa huko aliko.

"Mimi nilikwishasahau karibu yote," alisema. "Lakini baba alikufa akiamini nilipewa kitu na watu wa hoteli. Nilimwapia mara moja, akaniitikia, lakini hakuniamini. Na mama hajui mpaka leo aamini lipi."

"Mama yupo?"

"Yupo. Chumba cha pili."

"Nipe nizungumze naye."

"Hasikii vizuri siku hizi," Bhavna akasema. "Itakubidi upaze sauti."

Nikasikia nyayo zake, kisha maneno ya Kigujerati, kisha pumzi ya mtu mzima karibu sana na simu. Nilikuwa barazani kwangu, majirani wamekaa nje, mlango wa mbele wazi. Nikasimama.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa sauti ya juu kuliko niliyowahi kuitumia darasani. "Mimi Rukia, niliyekuwa nikifanya kazi na Bhavna Mkunazini. Ni mimi niliyefuta."